Liacheni Gari Kongwe na Pleti Yake

Kwa Mkurugenzi Mkuu na Wanachama wa Bodi,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

KUH: PLETI ZA MAGARI YENYE NAMBA ZA KUTOKA KAA HADI KZZ

Ombi langu ni fupi, kwa hivyo nalitanguliza. Kenya bado ina magari ambayo namba zake ni za mtindo wa zamani: herufi tatu na tarakimu tatu, bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea siku hizi. Naomba mamlaka yenu ibadilishe kanuni ili magari hayo yaruhusiwe kisheria kuvaa pleti za mtindo uliotumika mwaka yaliposajiliwa, ambazo kwa mengi yake ni bati jeusi lenye herufi nyeupe au za rangi ya fedha. Namba ibaki ileile iliyo kwenye logibuku. Pleti itengenezwe na serikali yenyewe, palepale gereza la Kamiti zinakotengenezwa hizi nyingine, na mwenye gari ndiye agharamie kila kitu. Siombi msamaha wa ushuru, siombi gari bovu lifumbiwe macho barabarani, wala siombi mtu ajichagulie namba inayompendeza. Naomba tu gari kongwe liachiwe sura ya namba lililopewa na serikali hii, au na ile iliyoitangulia.

Jambo hili limekuwa la haraka tangu Agosti 2022, pleti za kizazi kipya zilipozinduliwa kwa mfululizo wa KDK. Pleti hizo huakisi mwanga, zina bendera ya taifa na alama za usalama ambazo si rahisi kuigwa. Wakati ule serikali ilieleza kwamba hata magari yaliyokwisha kusajiliwa yangebadilishiwa pleti katika muda wa miezi 18, kwa ada ya shilingi 3,000. Sina ugomvi na mpango huo kwa Axio au Demio iliyoshuka melini Mombasa juzi. Gari la kazi za kila siku linafaa kuwa na pleti ya kisasa, na pleti ikiwa ngumu kughushi sote tunalala salama zaidi. Tatizo ni kwamba agizo liliyazoa magari yote kwa pamoja, kana kwamba Peugeot 404 ya mwaka 1966 na Probox iliyosajiliwa mwaka jana ni kitu kimoja. Nchi nyingi zilizobadilisha pleti zao zilitenga kifungu kidogo kwa ajili ya magari ya kale. Chetu hakikuandikwa, na sioni dalili kwamba kuna mtu aliyekaa akaamua kisiandikwe. Kilisahaulika tu.

Tuanze na kile ambacho pleti ya zamani inabeba. Mfumo uliokwenda kutoka KAA hadi KZZ ulitumika tangu miaka ya 1950 hadi 1989, namba zilipokwisha na ikabidi herufi nyingine iongezwe mwishoni. Kwa kuwa namba zilitolewa kwa mfuatano, zile herufi mbili zinazofuata K hufanya kazi ya kalenda. Mtafiti akipewa picha isiyo na tarehe ya zile pembe za ndovu za Mombasa, magari yakipita chini yake, jambo la kwanza atakalolitafuta ni pleti ya gari lililo karibu na kamera, maana picha haiwezi kuwa ya kabla ya namba hiyo kutolewa. Herufi ya kwanza nayo ina habari yake. K ilikuwa ya Kenya kama U ilivyokuwa ya Uganda na T ya Tanganyika, nchi zilizoendesha mengi pamoja hata kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967. Mpaka leo alama ya kimataifa ya gari letu linalovuka mpaka ni EAK, ya Uganda ni EAU, ya Tanzania Bara ni EAT na ya Zanzibar ni EAZ. Ushirika huo umevunjika na kufufuliwa, wanasiasa wameondoka na kurudi, lakini alama hizo hazijaguswa.

Mtanijibu kwamba namba haipotei: gari likivishwa pleti mpya, KHA fulani hubaki KHA fulani. Ni kweli, na ndiyo maana simlaumu mtu kwa kufuta historia. Lakini pleti ni kitu cha kushikika, na muundo wake ni sehemu ya gari. Herufi za zamani ziligandamizwa kwenye bati hadi zikachomoza. Ukipitisha kidole unazihisi, na rangi ya fedha huwa imelika kwanza kwenye kingo za juu, mahali ambapo kitambaa cha muoshaji kimepita miaka nenda miaka rudi. Tazameni nyuma ya Volkswagen Beetle. Juu ya kifuniko cha injini kuna kinyumba kidogo cha taa ambacho kazi yake pekee ni kumulika pleti kutoka juu, na umbo la kifuniko chote limebuniwa likijua kwamba hapo chini patakuwa na bati. Ukiweka hapo pleti inayong'aa, yenye bendera na nembo za karne ya 21, jicho haliendi tena kwenye gari, linaishia kwenye pleti. Wanaohifadhi magari hupitia tabu nyingi kutafuta bampa ya kiwanda, kioo chenye chapa sahihi na hata skurubu za aina ile ya zamani. Kisha sheria inawataka waweke mbele na nyuma, mahali panapoonekana kuliko pote, kitu ambacho hakikuwepo gari lilipozaliwa.

Swali la kwa nini NTSA ihusike na urithi ni la haki. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya Makavazi ya Kitaifa. Lakini hebu tusome sheria yao, ya mwaka 2006. Kwa mujibu wake, kitu cha kale kinachohamishika ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo hata ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulikuwa haujaanza, sembuse gari la petroli kushushwa bandarini. Kwa hivyo kwa kipimo hicho hakuna gari hata moja nchini linaloweza kuitwa kitu cha kale, leo wala miaka mia ijayo. Sheria hiyohiyo inalinda milango na miimo iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946, na ndiyo sababu mlango wa Lamu haung'olewi kiholela na kusafirishwa ng'ambo. Waziri ana uwezo wa kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa, lakini hatutarajii atangaze Datsun moja moja. Pale Makavazi ya Reli, Nairobi, injini ya mvuke ya Mount Gelai bado ina namba yake, 5918, na akitokea ofisa akashauri ibandikwe namba ya muundo wa treni za SGR tutamuuliza kama ana homa. Magari hayana kinga ya namna hiyo. Ofisi pekee ya umma inayojua gari gani liliingia barabarani mwaka gani, lina chesisi gani na limepita mikononi mwa nani ni ile iliyorithi rejista ya magari, yaani yenu. Mtake msitake, ninyi ndio watunza kumbukumbu wa urithi huu.

Wala si urithi mkubwa kiasi cha kuwalemea. Tufanye hesabu. Hata tukijifanya kwamba kila mchanganyiko wa herufi kutoka KAA hadi KZZ ulitumika, bila kuruka hata mmoja, na kila mmoja ukatoa namba 999, jumla haiwezi kuzidi 675,324. Humo mna pikipiki, matrekta, malori na mabasi. Sehemu kubwa ya magari hayo ilikwisha kukatwakatwa zamani, mabati yake yakageuzwa majiko na masanduku Kamukunji. Zaidi ya hayo, idadi hii haiwezi kuongezeka kamwe. Namba za mtindo ule hazitolewi tena, na kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, kwa hivyo hakuna mlango wa nyuma ambao magari ya kale ya ng'ambo yatapitia kwa wingi ili yanufaike. Tuliyo nayo ndiyo hayo: Land Rover na Kombi zilizounganishwa Thika, Peugeot 504 zilizounganishwa humu nchini, Beetle za walimu na makarani, Bedford za wafanyabiashara wa mazao. Kila mwaka yanapungua. Ni nadra kupata kanuni kuhusu kundi ambalo mipaka yake imechorwa tayari, inasomeka kwenye namba yenyewe na haihitaji rejista mpya.

Wenzetu wamefanyaje? Uingereza, ambako mtindo wetu wa bati jeusi ulitoka, ilianza kulazimisha pleti zinazoakisi mwanga mwaka 1973. Haikuyasahau magari yaliyokuwepo. Leo gari lililoundwa kabla ya Januari 1, 1980, na lililosajiliwa katika daraja la magari ya kihistoria, laweza kuvaa pleti nyeusi yenye herufi nyeupe au za fedha na kwenda nayo popote. Ufaransa nayo hulipa gari lililotimiza miaka 30 kadi ya usajili ya magari ya kumbukumbu, na kadi hiyo huliruhusu kuvaa pleti nyeusi. Uholanzi imeachia magari yaliyoingia barabarani kabla ya 1978 pleti za buluu iliyokoza. California huruhusu gari la kale kuvaa pleti halisi iliyotengenezwa mwaka uleule gari lilipoundwa, mradi isajiliwe upya kwa jina la gari hilo. Ujerumani ilipita njia nyingine: tangu 1997 gari lenye miaka 30 au zaidi likikaguliwa na kuonekana limetunzwa katika hali ya asili huongezewa herufi H mwishoni mwa namba. Kati ya njia hizi zote, ile ya Kijerumani ndiyo isiyotufaa, maana inalipa gari hadhi kwa kuibadilisha namba, na namba ndiyo tunayotaka kuihifadhi.

Najua mtu atasema nchi hizo ni tajiri na zina muda wa kuchezea. Lakini katika mambo ya magari ya kale Kenya si mwanafunzi. Maonyesho ya Africa Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu 1970, na waamuzi wake hukagua rangi, viti, injini, hadi chini ya gari. Mbio za Safari zilianza 1953 na zikatengeneza majina ya dunia nzima: Joginder Singh na Volvo PV544 mwaka 1965, Bert Shankland wa Tanzania na Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967, Shekhar Mehta na Datsun 240Z mwaka 1973. Tangu 2003 East African Safari Classic huwaleta madereva kutoka ng'ambo kuja kukimbiza magari ya aina zilezile kwenye vumbi letu. Picha za mashindano hayo ya zamani zimezunguka dunia, na katika nyingi zake kinachomwambia mtazamaji kwamba hapa ni Afrika Mashariki ni matope pamoja na ile pleti iliyolegea kwenye bampa.

Sasa nije kwenye pingamizi zito, usalama. Silipuuzi. Baada ya shambulio la DusitD2 la Januari 2019, habari za pleti za kughushi na za magari mawili kutembea na namba moja ziliacha kuwa porojo za wauza magari, zikawa suala la usalama wa taifa. Ofisa wa polisi anayenisoma atauliza kama naomba turudi kwenye bati ambalo fundi yeyote wa mtaani anaweza kulichapa kwa nusu saa. La. Naomba kinyume chake. Leo, kwa kuwa hakuna njia ya halali ya kupata pleti ya mtindo wa zamani, mwenye gari anayeitaka ana njia mbili tu: aing'ang'anie ile ya awali hata kama imeoza, au aende kwa fundi huyohuyo wa mtaani. Sheria isiyo na mlango humpa biashara mghushi. Mkifungua dirisha Kamiti, pleti nyeusi itaagizwa kwa maombi yenye namba ya chesisi, itatoka na namba yake ya siri upande wa nyuma, itawekwa hologramu ndogo kwenye kona, na gari litabandikwa stika ya kioo cha mbele inayoungana na rejista. Hapo polisi atakayeona pleti nyeusi bila alama hizo atajua mara moja kwamba ni bandia, jambo ambalo leo hawezi kulijua.

Tena tuifikirie hoja yenyewe kwa mtazamo wa mhalifu. Anayepanga uovu hutafuta gari la kusahaulika. Anataka gari la fedha au jeupe la aina iliyojaa mjini, ambalo shahidi akiulizwa atasema tu kwamba lilikuwa gari dogo. Gari la 1958 lenye pleti nyeusi likisimama kwenye taa za barabarani, watoto hupunga mkono na wenye simu hupiga picha. Mwizi wa benki atakayetorokea humo amejipeleka kituoni mwenyewe. Na kwa kuwa pleti hizo zitaruhusiwa tu kwa namba zisizo na herufi ya mwisho, kuzibandika kwenye Prado ya 2018 kungelisaliti gari papo hapo.

Kuhusu kamera, pingamizi lina ukweli ndani yake. Kamera nyingi za kusoma namba hutegemea pleti irudishe mwanga, hasa usiku, na bati jeusi la zamani halirudishi kitu. Suluhisho moja ni kuzitengeneza herufi nyeupe kwa malighafi inayoakisi juu ya usuli mweusi. Mpenzi wa asili atanuna kidogo, ila mimi nakubali bei hiyo. Uingereza ina kamera za barabarani kila upande na pleti nyeusi zimeendelea kuwepo. Ikiwa mtaona bado kuna hatari, wekeni sharti kwamba magari haya yasitumike kubeba abiria wa kulipa wala mizigo ya biashara. Matatu ya zamani itakayotaka kurudi stendi ivae pleti za kawaida. Hilo ni haki.

Pingamizi lingine husemwa kwa sauti ya chini: kwamba huu ni mchezo wa matajiri, na NTSA ina ajali za kushughulikia. Ajali ni kazi yenu ya kwanza na hakuna anayebisha. Ila marekebisho ya kanuni moja hayamwondoi mkaguzi hata mmoja barabarani. Kuhusu utajiri, yapo magari ya kale ya mamilioni, yanayolala chini ya turubai Karen na Nyali. Yapo pia, tena mengi zaidi, yaliyobaki mikononi mwa familia za kawaida kwa sababu mzee hakutaka kuliuza lake: 404 aliyoinunua kwa malipo ya kahawa, Datsun 1200 ya kubebea maziwa, Land Rover ya shamba isiyo na milango. Hawa ndio watakaoumia zaidi ikiwa haki ya kubaki na pleti ya zamani itageuzwa bidhaa ya bei ya juu. Kwa hivyo ada iwe ile ya kawaida, au ya kawaida na nyongeza ndogo ya kulipia mashine, isiwe ya kumkomoa mtu. Na kama hoja ni kwamba rangi tofauti zitaleta mkanganyiko, magari ya mashirika ya umma yana pleti za buluu, ya kibalozi nyekundu, ya kaunti kijani, na hakuna ofisa wa trafiki aliyewahi kushindwa kuyatofautisha.

Kuna mahali ambapo mimi ni mkali kuliko wapenzi wengi wa magari haya, na naomba muwe wakali vilevile. Kwanza, pleti iwe ya namba iliyotolewa Kenya kwa gari hilohilo. Mwenye gari asiruhusiwe kutundika pleti ya Kiingereza au ya Kijerumani kwa sababu tu gari liliundwa huko. Likiwa barabarani kwetu, hayo ni mapambo na yanadanganya. Pili, mwaka unaohesabiwa uwe wa usajili, usiwe wa kuundwa kiwandani. Gari lililounganishwa Desemba na kuandikishwa mwaka uliofuata ni la mwaka huo uliofuata machoni pa rejista, na rejista ndiyo tunayoihifadhi. Tatu, namba hiyo isihamishwe. Likifa gari, namba ife nalo. Tukiruhusu namba fupi za zamani ziuzwe na kubandikwa kwenye magari mapya ya wakubwa, basi kwa mwaka mmoja tu madalali watakuwa wamenunua kila mkweche vijijini kwa ajili ya bati, na gari lenyewe wataliacha kuku watagie.

Kwa upande wa injini, hata hivyo, nashauri msiige ukaguzi wa Ujerumani. Huko gari likibadilishwa injini kwa ya aina nyingine kabisa huenda likakosa hadhi. Hapa tutakuwa tunajidanganya. Spea zilipoadimika, na dola zilipokuwa za kuombea kibali, mafundi wetu walizitia 504 injini za Toyota na Land Rover injini za Isuzu, na magari yakaendelea kupanda Mau Summit. Ubadilishaji huo umekuwa sehemu ya historia ya magari haya nchini, na kuna 504 ambazo zimeishi miaka mingi zaidi na injini ya pili kuliko zilivyoishi na ya kwanza. Kipimo kiwe chesisi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ikilingana na iliyo kwenye logibuku, na mabadiliko ya injini yakiwa yameandikishwa inavyotakiwa, gari lipewe pleti yake. Anayetaka kujadili usafi wa asili akajadili na waamuzi wa Concours.

Bado kuna kundi moja ambalo kanuni ya pleti pekee haitalisaidia, nalo ni magari yaliyolala. Yamekaa kwenye vibanda kwa miongo, logibuku imeliwa na mchwa au imepotea na marehemu, na taarifa zake huenda hazijawahi kuingizwa kwenye kompyuta rejista ilipohama kutoka kwenye majalada. Uingereza ilikutana na tatizo hilohilo. Ilipofunga rejista yake ya makaratasi mwaka 1983, namba ambazo wenyewe hawakuziwasilisha zilifutwa, na magari mengi ya kale yakawa hayana jina. Baadaye ikaweka utaratibu wa kuzirejesha: mwenye gari huleta ushahidi wa zamani unaounganisha chesisi na namba, klabu ya magari iliyotambuliwa hulikagua na kuthibitisha, mamlaka huirudisha namba, na tangu hapo namba hiyo haihamishiki. Ushahidi kama huo upo hata hapa kwetu. Upo kwenye stakabadhi za bima, kwenye vitabu vya huduma vya gereji, kwenye picha za harusi ambamo bwana na bibi arusi wamesimama mbele ya bampa. Sisemi mkubali kila karatasi. Nasema mjenge meza ya kuzipokea, kabla waliokuwa wakilijua gari hawajatutoka.

Kisheria njia ni fupi. Sura ya pleti imewekwa na kanuni zilizo chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Haihitaji mswada mpya Bungeni. Rasimu ya marekebisho ikiandikwa, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inawataka muwashirikishe wananchi kisha muiwasilishe Bungeni ikaguliwe. Hapo wenye magari, polisi, mafundi, makavazi na klabu wataketi meza moja, na kama hoja yangu ya usalama ina tundu, litaonekana mapema.

Hadi hapo naomba hatua moja ya muda, ambayo mwaweza kuichukua kwa tangazo la ukurasa mmoja: gari lolote lenye namba ya KAA hadi KZZ lisilazimishwe kubadili pleti, na pleti ya awali isichukuliwe wala kuharibiwa gari linapofika ofisini kwa shughuli nyingine. Tangazo hilo likitoka kabla ya msako wowote wa pleti kuanza, halitamgharimu mtu yeyote. Likichelewa, bati litakalokuwa limeviringishwa na kutupwa halitarudi, hata Kamiti itengeneze mfano wake mzuri namna gani.

Nangoja jibu lenu, na najua si peke yangu.

Wasalaam.